Maisha ya Dakta Clemens von Pirquet

Wengi wenu mmepata kupimwa kifua kikuu kwa sindano ndogo inayotiwa ndani ya ngozi ya mkono, kisha mkaambiwa mrudi baada ya siku mbili au tatu ili mkono usomwe. Mahali pale pakivimba, ni dalili kwamba mwili umekwisha kukutana na vijidudu vya kifua kikuu. Pasipovimba, husemwa kwamba mwili haujakutana navyo. Lakini alikuwako mtu aliyeona kwamba ngozi huweza kunyamaza ijapokuwa mwili umekutana na ugonjwa huo zamani, na kwamba hunyamaza kwa sababu ugonjwa mwingine umepita na kuusahaulisha mwili yale uliyoyajua. Ugonjwa huo mwingine ni surua, na mtu huyo ni Dakta Clemens von Pirquet wa Austria. Vitabu vyetu vya elimu ya viumbe huwataja Jenner, Pasteur na Koch, naye humruka. Basi nimeona vema nieleze habari zake katika gazeti letu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1874 huko Hirschstetten, kijiji kilichokuwa nje ya mji wa Vienna na ambacho siku hizi kimo ndani ya mji. Baba yake alikuwa baroni mwenye shamba kubwa, kwa hiyo Clemens hakuujua umaskini utotoni mwake. Watu wa nyumba ile walikuwa na akili za kutazama mbali. Mdogo wake, jina lake Guido, alikuja kuwa mtaalamu wa mambo ya roketi, akapiga hesabu za safari ya kwenda katika sayari ya Zuhura wakati ambapo ndege zenyewe zilikuwa bado ni ajabu.

Clemens alianza kwa kusoma teolojia katika Innsbruck, kisha akasoma falsafa katika Leuven, mji wa Ubelgiji. (Ndugu zetu wa Kongo wanalijua jina la mji huo, kwa maana ndilo lililotoa jina la Lovanium, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1954 karibu na Kinshasa, ambayo wakati ule iliitwa Léopoldville.) Baada ya hapo akabadili nia, akaiacha njia hiyo na kwenda kusoma udaktari. Mapadre wetu wasinikasirikie nikisema kwamba naona alifanya vizuri. Alisoma katika Vienna, Königsberg na Graz, na huko Graz akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1900. Kisha akarudi Vienna kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna, chini ya Profesa Theodor Escherich, yule aliyegundua kijidudu cha matumboni ambacho hata leo kinaitwa kwa jina lake.

Siku zile watoto wa Ulaya walikufa kwa wingi kwa dondakoo, homa nyekundu, surua na kifua kikuu. Dawa mpya ya dondakoo ilikuwa ni maji ya damu ya farasi. Farasi alidungwa sumu ya dondakoo kidogo kidogo mpaka damu yake ikajifunza kuishinda, kisha maji ya damu yake yakadungwa mtoto mgonjwa. Dawa hii iliokoa watoto wengi sana. Hata hivyo, baadhi yao, baada ya kama siku nane mpaka kumi na mbili, walishikwa na homa, wakatokwa na vipele vya kuwasha, viungo vikawauma na tezi zikavimba. Madaktari walidhani kwamba maji ya farasi yana ubaya fulani ndani yake, basi, wakaishia hapo.

Pirquet hakuishia hapo, wala mwenzake Béla Schick, daktari kijana aliyezaliwa Hungaria. Wao walihesabu siku. Waliona kwamba mtoto aliyedungwa mara ya kwanza huumwa baada ya siku nyingi, lakini akidungwa tena baada ya muda kupita, huumwa siku ile ile au kesho yake. Dawa ni moja na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni nini? Pirquet akajibu kwamba kilichobadilika ni mwili. Mara ya kwanza mwili haumjui mgeni, huchukua siku nyingi kumtambua na kuandaa silaha zake. Mara ya pili unamjua, humrukia hima. Basi zile siku za kungoja si siku za sumu kulala, ni siku za mwili kujifunza. Na yale maumivu si kazi ya mgeni peke yake, ni vita ambavyo mwili wenyewe umevianzisha.

Wazo hili lilikuwa kinyume cha mafundisho ya wakubwa wa siku zile. Pirquet aliliandika, akalitia katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akaiweka katika Chuo cha Sayansi cha Vienna mwaka 1903, ili siku moja ijulikane kwamba yeye ndiye aliyelifikiri kwanza. Mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 28 au 29. Mwaka 1905 yeye na Schick wakatoa kitabu juu ya ugonjwa ule wa maji ya damu, na mwaka 1906 Pirquet akatunga neno la Kigiriki kuonyesha kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu hutenda kazi kwa namna nyingine. Neno hilo ni aleji. Leo kila mtu asiyeweza kula samaki au anayepiga chafya kwa vumbi husema ana aleji, wala hajui kwamba neno hilo lilizaliwa katika wadi ya watoto wa Vienna.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1890 Robert Koch alikuwa ametengeneza tuberkulini, maji yatokanayo na vijidudu vya kifua kikuu, akatangaza kwamba yanaweza kuponya. Hayakuponya, na baadhi ya wagonjwa walizidiwa. Aibu ikawa kubwa, nayo tuberkulini ikawa kama chombo kilichotupwa jaani. Pirquet akakiokota. Alifikiri hivi: ikiwa mwili uliokwisha kukutana na kifua kikuu unakijua, basi ukionjeshwa kidogo tu utaonyesha kwamba unakijua. Mwaka 1907 akaanza kuweka matone mawili ya tuberkulini katika mkono wa mtoto, akakwaruza ngozi chini ya matone hayo kwa kichuma kidogo, na katikati yake akakwaruza mahali pa tatu pasipo dawa, apate kulinganisha. Baada ya siku moja au mbili, mtoto aliyekwisha kuambukizwa alitokwa na uvimbe mwekundu mahali pawili, na pale pa katikati palibaki vile vile. Hakuna mtoto aliyelazwa kwa ajili ya kipimo hiki, na mama aliweza kuona jibu kwa macho yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaleta njia ya kutia dawa kwa sindano ndani ya ngozi, nayo ndiyo tunayopimwa mpaka leo, lakini njia ilikwisha kufunguliwa na Pirquet.

Kwa kipimo hiki mkononi, Pirquet alikuwa na kitu ambacho daktari mwingine hakuwa nacho. Aliweza kuona, kama mtu anayesoma ubao, kile ambacho mwili wa mtoto unakikumbuka. Basi ikawa kwamba watoto ambao ngozi zao zilikuwa zikijibu vizuri walishikwa na surua. Akawapima tena. Ngozi haikujibu kitu. Siku zile vipele vya surua vilipotoka, na kwa muda wa kama juma moja baadaye, mkono ambao jana ulivimba ulikuwa laini kama wa mtoto asiyepata kuambukizwa kamwe. Kisha, surua ilipokwisha kupita, jibu likarudi pole pole. Habari hizi alizitangaza mwaka 1908.

Yafaa tufahamu uzito wa jambo hili. Watoto wale hawakuwa wamepona kifua kikuu. Vijidudu vilikuwa bado vimo vifuani mwao, lakini mlinzi alikuwa amelala. Madaktari wa Ulaya walikwisha kujua kwa uzoefu kwamba mtoto mwenye kifua kikuu akipatwa na surua, mara nyingi kifua hicho huwaka upya na kumwua. Hawakujua kwa nini. Sasa Pirquet aliwaonyesha juu ya ngozi, mahali ambapo kila mtu aliweza kutazama. Yeye alidhani kwamba vile vitu vya mwilini vinavyotoa jibu hupungua kwa muda wakati wa surua. Hakuweza kusema zaidi ya hapo, na tusimlaumu. Mwaka 1908 hakuna aliyejua kwamba surua huletwa na virusi. Hilo lilionyeshwa Marekani mwaka 1911. Wala hakuna aliyejua kazi ya zile chembe nyeupe ndogo za damu ziitwazo limfosaiti. Zilionekana katika darubini, zikahesabiwa, na watu wakadhani ni chembe za bure tu.

Hapa niruhusiwe kutaja habari ya nyumbani kwetu, kwa maana bila hiyo nisingelitafuta jina la Pirquet. Mdogo wangu wa kike alipata surua akiwa na umri wa miaka minne, naye hakuwa amechanjwa. Akapona. Vipele vikakauka, macho yakafunguka, mama akamwogesha na kumvika gauni jipya, na majirani wakaja kumpa mama pongezi. Kabla ya miezi miwili kupita akashikwa na kichomi, akafa. Kadi yake ya zahanati ingali sandukuni, na ndani yake yameandikwa magonjwa mawili, kila moja na tarehe yake, kana kwamba hayajuani. Mimi nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka mwalimu wetu wa elimu ya viumbe aliponipa kitabu chenye habari za watoto wa Vienna.

Maisha ya Pirquet yaliyobaki nitayapita upesi. Sifa zake zilipoenea aliitwa Marekani, akawa profesa wa kwanza wa magonjwa ya watoto katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore. Hakukaa sana. Mwaka 1910 alikwenda Breslau, mji ambao leo umo katika nchi ya Poland na unaitwa Wrocław, na mwaka 1911, Escherich alipofariki, akaitwa Vienna kushika mahali pa mwalimu wake. Alipendekezwa mara kadhaa kupewa Tuzo ya Nobel, asiipate. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Austria ilipokuwa na njaa kali, Wamarekani walileta chakula, na Pirquet ndiye aliyesimamia ulishaji wa watoto. Alitaka kila mtoto apate kwa kadiri ya mahitaji yake, si kwa kukisia. Akatunga kipimo chake mwenyewe cha chakula kwa kulinganisha kila chakula na maziwa, akakiita nem, na kipimo cha kujua mtoto aliyekonda kwa kulinganisha uzito wake na urefu wake akiwa ameketi, akakiita pelidisi. Mtu huyu alipenda sana kutunga maneno! Mengi yamekufa, ila aleji limeishi. Lakini watoto maelfu kwa maelfu walikula kwa hesabu zake, na nadhani wao hawakuona haja ya kuuliza maana ya pelidisi.

Heshima yake katika nchi ilikuwa kubwa hata mwaka 1928 jina lake likatajwa miongoni mwa watu wanaofaa kuwa rais. Tarehe 28 Februari 1929 yeye na mkewe Maria walijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 54. Sitaki kuficha jambo hili, wala sina la kuongeza juu yake.

Lile swali aliloliacha lilingoja miaka mingi. Mwaka 1954, mjini Boston, virusi vya surua vilikuzwa maabara kwa mara ya kwanza, na mwaka 1963 chanjo ikaanza kutumika Marekani. Karibu na miaka hiyo hiyo ilianza kufahamika kwamba zile limfosaiti, zilizodhaniwa kuwa za bure, ndizo kumbukumbu za mwili. Mwili ukishinda ugonjwa, baadhi ya limfosaiti zilizopigana hubaki hai miaka mingi, zikizunguka katika damu na kukaa katika tezi za shingo, za makwapani na za matumboni. Kila kundi linamjua adui mmoja. Hao ni wazee wa kijiji wanaokumbuka sura ya kila mwizi aliyewahi kupita.

Mwaka 2000 wataalamu wa Japani waligundua mlango ambao virusi vya surua hutumia kuingia katika chembe za mwili. Mlango huo uko juu ya chembe za kinga zenyewe, na limfosaiti za kumbukumbu wanao. Basi mambo huenda hivi. Mtoto huvuta pumzi yenye virusi. Katika mapafu, chembe walinzi huvikamata, lakini badala ya kuviua huambukizwa navyo, na huvibeba mpaka katika tezi zilizo karibu, kana kwamba askari amempokea mwizi langoni na kumpeleka mwenyewe kambini. Katika tezi virusi huingia katika limfosaiti, huzaana humo, kisha huenea kwa njia ya damu mwili mzima. Siku zote hizo mtoto anacheza, haonyeshi kitu. Homa huanza baada ya kama siku kumi, na vipele hutoka kama siku ya kumi na nne. Vipele hivyo ni dalili kwamba mwili umeamka na unaziua chembe zake wenyewe zilizoambukizwa. Lakini katika chembe zinazokufa wamo wale wazee wa kijiji, aliyejua kichomi, aliyejua kuhara, aliyejua kifua kikuu. Ukihesabu limfosaiti katika damu siku hizo utaona zimepungua sana.

Baada ya juma moja hivi hesabu hurudi kuwa nzuri, na hapo ndipo watu walipodanganyika muda mrefu. Chembe zilizozaliwa upya ni nyingi, ila sehemu kubwa yake zinajua jambo moja tu, nalo ni surua. Ndiyo sababu mtu haugui surua mara ya pili. Adui wa zamani wamesahauliwa, na hesabu ya chembe peke yake haikuonyeshi hilo.

Mwaka 2015 wataalamu walichunguza vitabu vya vifo vya watoto vya Uingereza, Marekani na Denmark, wakaona kwamba baada ya surua kupita, vifo vya magonjwa mengine ya kuambukiza huongezeka kwa miaka miwili au mitatu. Mwaka 2019 wengine walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, iliyotolewa kabla ya surua na baada yake. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 za aina za kingamwili walizokuwa nazo. Watoto waliopewa chanjo hawakupoteza hivyo, kwa kuwa virusi vya chanjo vimedhoofishwa; huufundisha mwili kuijua surua pasipo kuwaua wazee wake.

Mtu aweza kuuliza kama hii si habari ile ile ya UKIMWI. Zinafanana upande mmoja. Virusi vya UKIMWI, vilivyotambuliwa mwaka 1983, navyo huziangamiza limfosaiti za aina fulani, na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana aweza kupimwa kifua kikuu kwa ngozi na mkono usivimbe, hali ugonjwa umo kifuani. Dakta Pirquet angelitambua jibu hilo mara moja. Lakini virusi vya UKIMWI hufanya kazi hiyo kwa miaka na haviondoki vyenyewe, ilhali surua huifanya kwa siku chache kisha huenda zake, na mtoto huonekana mzima.

Likizo iliyopita nilimweleza mama mambo haya, kwa lugha ya nyumbani, nikichora chembe kwa kijiti juu ya udongo mbele ya jiko. Alisikiliza mpaka mwisho, asiseme kitu juu ya kadi. Aliuliza jambo moja tu, kwamba kama mtoto angeliishi, mwili wake ungeliweza kujifunza tena. Nikamwambia kwamba ungeliweza, kwa kukutana tena na kila ugonjwa mmoja mmoja. Akauliza ungelichukua muda gani. Nikamwambia miaka miwili, au mitatu.